Senti za tundu zina thamani gani hasa?

Ukikaa jeti ya Mokowe ukingoja chombo cha kuvukia Amu, huchelewi kusikia mazungumzo ya sarafu za kale. Fulani kauza senti kumi ya tundu kwa bei ya ng'ombe. Fulani ana senti ya mfalme asiyevikwa taji, na tajiri wa Uarabuni kamwahidi nyumba. Mwengine anatafuta senti nyepesi kama karatasi, ambayo husemwa haishi thamani. Kila anayesimulia amesikia kwa mwenziwe, na huyo aliyejengewa nyumba hajaonekana na mtu.

Mambo haya yangekuwa ya kuchekesha lau yangeishia barazani. Lakini wako watu wanaofungua makasha ya wazee wao na kuyamwaga mbele ya wageni, na wako wanaotuma pesa zao za halali ili wapate mamilioni ya uongo. Na Mokowe ndio mlango wa visiwa. Mabasi ya Mombasa na Malindi hukomea hapo, makao ya serikali ya Kaunti ya Lamu yapo hapo, na tangu gati la kwanza la bandari mpya lilipofunguliwa Mei 2021 kule Kililana, nyuso ngeni zimezidi. Palipo na mlango hapakosi dalali. Kwa hiyo inafaa tuulize kwa utulivu: senti hizi za kale ni kitu gani, na ni nani anayezinunua, na kwa kiasi gani?

Wazee wetu hawakuanza na senti. Walianza na reale ya Shamu na rupia ya Bara Hindi, na rupia hiyo ikagawanywa kwa pesa 64. Sultani wa Unguja, Seyyid Barghash bin Said, alitoa pesa zake za shaba zenye picha ya mizani, za mwaka 1299 na 1304 wa Hijra. Kampuni ya Waingereza iliyoshika pwani yetu kabla ya serikali yao nayo ikatoa pesa yake ya Mombasa, mwaka 1888, ambao juu ya sarafu umeandikwa pia 1306. Pesa hizi zilitembea pwani yote, ndiyo maana hata leo neno tunalolitumia kwa mali yoyote ya kununulia ni hilo hilo la Kihindi.

Hesabu ya mia ilikuja baadaye. Kwa sheria ya mwaka 1905 rupia ya Kenya na Uganda iliamriwa kuwa na senti 100 badala ya pesa 64. Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wametangulia mwaka 1904 kwa kuigawa rupia yao kwa hela 100. Unguja ikafuata mwaka 1908 chini ya Seyyid Ali bin Hamud. Basi mtu anaposema "senti ya kale" hapa kwetu, umri wake hauwezi kupita miaka mia na ushei. Tukumbuke hilo, maana kuna wanaoapa kwamba senti ya tundu ni ya zama za Wareno.

Ile senti nyepesi kama karatasi ipo kweli. Mwaka 1907 Waingereza walipiga senti moja ya Afrika Mashariki kwa aluminiamu, na mwaka 1908 nusu senti kwa madini hayo hayo. Pamoja na zile za Afrika Magharibi za mwaka ule ule, zilikuwa miongoni mwa sarafu za kwanza duniani za aluminiamu kutumiwa na watu sokoni. Waliobuni wazo hilo walikuwa Ulaya, na hawakuuliza mtu yeyote wa pwani. Chumvi, unyevu na jasho vilizila sarafu zile mpaka zikawa na vidonda, na kufika mwaka 1909 zikapigwa nyingine za shaba iliyochanganywa na nikeli. Kwa sababu zilioza, zilizobaki safi ni chache. Zilizobaki zimeliwa si chache hata kidogo, na hizo ndizo tulizonazo sisi.

Kisha yakaja mageuzi ya mwaka 1920. Rupia iliondolewa ikaja florini, na florini nayo haikukaa. Ilipofika 1922 watu walikuwa wamekwisha ingia katika shilingi ya senti 100. Sarafu nyingi zilizoandikwa 1920 zilirudishwa na kuyeyushwa kabla hazijazoeleka mikononi. Kuanzia hapo tukapata senti tuzijuazo wote: senti moja, senti tano, na ile senti kumi kubwa ya tundu, peni ya wazee, iliyokuwa pana kuliko sarafu yoyote tunayotumia Kenya leo. Kando ya tundu pana pembe za ndovu. Tundu lake lilikuwa rahisi kupitisha uzi, mtu akafunga mali yake kiunoni asiwe na haja ya mfuko. Thumuni, yaani senti hamsini, haikuwa na tundu. Jina lake lenyewe lilirithiwa kutoka zama za reale, kwani maana yake ni sehemu moja ya nane, na shilingi haijapata kuwa na nane ya senti hamsini. Lakini watu walilipenda jina wakaendelea nalo.

Na huyo mfalme asiyevikwa taji? Ni Edward wa Nane, aliyetawala Uingereza kwa miezi isiyotimia 11 katika mwaka 1936 kisha akakiacha kiti. Huko kwao sarafu zake hazikutolewa kwa matumizi ya watu. Lakini senti tano na senti kumi za Afrika Mashariki hazikuwa na sura ya mfalme, kwa sababu mahali pa sura pana tundu. Lilihitajiwa jina tu, na jina likatiwa, na sarafu zikapigwa kwa mamilioni. Hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Mtu akisoma kwamba sarafu za Edward wa Nane ni adimu mno, hajui kuwa maneno hayo yanahusu za Uingereza. Hii ya kwetu, yenye jina lile lile, imejaa vibwetani kutoka Kiunga mpaka Kilwa, na mkusanyaji wa Ulaya huipata kwa bei ya kikombe cha chai au viwili.

Hapa tumefika kwenye mzizi wa shauri lenyewe. Mkusanyaji wa sarafu halipi umri. Angelipa umri, kila jiwe la matumbawe la Amu lingekuwa almasi. Hutazama kwanza zilipigwa ngapi, pili zimebaki ngapi, tatu hii iliyo mbele yake ina hali gani. Hutazama pia herufi ndogo ambayo wengi hawaioni: H ni ya kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ya King's Norton, SA ya Pretoria, I ya Bombay, kwani wakati wa Vita vya Pili Waingereza walipiga sarafu zetu hata Afrika Kusini na Bara Hindi. Mwaka mmoja wenye herufi fulani unaweza kuwa wa kawaida na wenye herufi nyingine ukatafutwa.

Hilo la hali ndilo linalotuumiza kuliko yote. Mama akitaka kumwonyesha mgeni sarafu ya kale, huisugua kwanza. Kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, kama asuguavyo sufuria ya shaba siku ya kuamkia Idi. Inang'ara kama mpya na yeye hufurahi. Lakini kwa mkusanyaji sarafu hiyo imekwisha kufa. Ule weusi au wekundu uliokaa juu ya shaba kwa miaka 80 ndio ushahidi wake kwamba uso wa sarafu haujaguswa, na mikwaruzo ya majivu huiona kwa kioo chake mara moja. Sarafu ambayo ingepata dola 40 hurudi kuwa ya dola nne kwa kazi ya dakika tano. Dalali mjanja hulijua hili, na wako wasiosema neno mpaka mama amalize kusugua, kisha ndipo waanze kutoa makosa.

Sasa bei. Tuseme kwa dola, kwa kuwa soko lake liko nje. Tangu katikati ya 2024 hadi mwishoni mwa 2025 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 129 za Kenya. Senti tano na senti kumi za tundu za miaka ya 1921 hadi 1964, zilizotumika sana kama zetu zilivyo, huuzwa baina ya nusu dola na dola mbili moja moja, na zikiuzwa kwa wingi hushuka zaidi. Za mwaka 1964 hazina jina la mfalme wala malkia, na watu hudhani ni kosa la kiwanda. Si kosa, Tanganyika na Uganda na Kenya na Unguja zilikuwa zimekwisha pata uhuru. Pesa ya Mombasa ya 1888 huenda kwa dola kumi mpaka hamsini kulingana na hali. Senti ya aluminiamu ya 1907 isiyoliwa hufikia makumi ya dola. Iliyoliwa haina mnunuzi.

Iliyo na thamani ya kweli ni moja, na ajabu ni kwamba uvumi wa Mokowe hauitaji. Ni zile za Seyyid Ali bin Hamud za mwaka 1908: senti moja na senti kumi za shaba, na senti ishirini ya nikeli. Watu wa Unguja hawakuzipenda, wakaendelea na pesa na rupia zao, na serikali ikazikusanya, nyingi zikayeyushwa. Senti moja yake ikiwa nzuri hupata makumi ya dola na hata kupita mia. Senti kumi na senti ishirini hupata mamia. Si nyumba, si ng'ombe kumi, lakini ni fedha ya kulipia karo ya mtoto. Na kwa kuwa vyombo vya Amu na Unguja havikuacha kupishana hata siku moja zama zile, si ajabu ikatokea moja katikati ya peni mia mbili ndani ya kibweta cha Pate au Siyu.

Shilingi na thumuni za 1921 mpaka 1946 zina fedha halisi ndani yake, robo ya uzito wake. Shilingi kumi na sita za namna hiyo ndizo zinazotimiza wakia moja ya fedha kwa mizani ya sonara. Wakia ilipita dola 30 mwaka 2024 na kupita dola 50 mwaka 2025, kwa hiyo hata shilingi iliyosagika ina bei yake ya madini. Kuanzia 1948 fedha iliondolewa kabisa, ikabaki shaba na nikeli. Sonara yeyote wa Amu anaweza kukutenganishia hizi na zile kwa kuzitazama tu, na hatakutoza kitu.

Turudi kwa dalali. Katika mambo aliyoyakataza Mtume (s.a.w.) ni kwenda kuupokea msafara njiani, ukanunua mali ya watu kabla hawajafika sokoni wakaijua bei. Wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, wakaeleza kwamba mwenye mali aliyenunuliwa hivyo bila ya kuijua bei, akifika sokoni na kuona amepunjwa, ana hiari ya kuivunja biashara. Tulipokuwa chuoni tuliyasoma haya kwa mifano ya ngamia na ngano, na wengi tukadhani ni mambo ya jangwani. Lakini mtu anayesimama jeti kumngoja mzee wa Ndau au Kizingitini mwenye kitita cha sarafu, huku yeye amekwisha itazama bei ya London kwenye simu yake, anafanya nini kingine? Msafara umekuja kwa mashua badala ya ngamia, basi. Na soko lenyewe halipo Amu wala Mombasa. Liko mbali kiasi kwamba muuzaji hatafika huko maisha yake. Hiari yake imekatika kwa umbali tu.

Hatusemi kila dalali ni mwizi. Kununua kwa kumi na kuuza kwa kumi na tano ni biashara, na anayeijua kazi yake anastahili ujira wake. Ubaya ni pale anapochukua kitita kizima kwa bei ya shaba chakavu huku jicho lake liko kwenye moja ndani yake.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi. Sarafu zenye fedha halisi hazifai kuuzwa kwa ahadi. Mkutano wa wanazuoni wa nchi za Kiislamu uliofanyika Amman mwaka 1986 uliamua kwamba noti za sasa zichukue hukumu za dhahabu na fedha katika riba na zaka. Maana yake, kununua shilingi ya fedha kwa noti yataka nipe nikupe, mkono kwa mkono. Anayekwambia "niachie, nitakutumia wiki ijayo" ana kasoro mbili, ya dini na ya dunia. Senti za shaba ni sahali zaidi, kwa kuwa Washafi hawakuitia fulusi katika mali ya riba. Mwenye shaka amwulize sheikh wake.

Madalali wa jeti angalau wana sura. Wabaya kupita wao ni wale wa simuni, wanaosema wanatafuta senti ya Edward wa Nane kwa milioni tatu, lakini kwanza utume ada ya kusajili, kisha ushuru, kisha bima. Mchezo huu si wa kwetu peke yetu. Agosti 2021 Benki Kuu ya India iliwaonya wananchi kwamba walaghai wanatumia jina lake kudai ada na kodi katika ununuzi wa sarafu na noti za kale, na ikasema haijishughulishi na mambo hayo wala haijampa mtu ruhusa ya kuyafanya. Na aliyekuwako Saudia mwaka 2009 atakumbuka cherehani za Singer zilivyopanda bei ghafula kwa uvumi kwamba ndani yake mna zebaki nyekundu. Watu walizunguka na simu zao wakizisogeza kwenye cherehani. Hapakuwa na zebaki. Anayetaka kununua kitu chako hulipa. Hajawahi kuwapo mnunuzi wa kweli anayeanza kwa kukuomba wewe pesa.

Lakini linalotisha zaidi ni lile la ndani ya nyumba. Tuseme mama amefariki, ameacha mwana mmoja wa kiume na wawili wa kike, na katika mali yake mna kibweta cha senti 300. Kwa kuzikadiria shilingi mia mia, ni shilingi 30,000. Mwanamume atapata 15,000 na kila binti 7,500. Hesabu nyepesi. Sasa ndani ya kibweta kile mna senti ishirini moja ya Unguja ya 1908, na tuikadirie kwa uchache dola 200. Hiyo peke yake ni zaidi ya shilingi 25,000, inakaribia nyingine zote zikiwekwa pamoja. Mmoja wao akisema, "Mimi naichukua hii moja tu, iwe ukumbusho wa mama," na wenziwe wakakubali bila ya kujua, amebeba karibu nusu ya kibweta. Akiwa anajua, ni dhuluma. Akiwa hajui, siku watakapojua wote patazuka maneno ambayo kaburi la mama halistahili kuyasikia. Na kinyume chake kipo pia: ndugu wanagombana miaka kwa peni ya 1936 wanayoiamini ni ya milioni, nayo ni ya shilingi 200. Sarafu zote zihesabiwe kabla ya kugawanywa, miaka yake iandikwe, na asiyehusika na mirathi aulizwe bei.

Ziko pia sarafu ambazo si za kibweta, bali za ardhini. Viwanja vinachimbwa bara ya Lamu, na visiwani maghofu ni mengi. Huko Shanga, kisiwani Pate, Mark Horton na wenziwe walichimba katika miaka ya 1980 wakapata sarafu ndogo mno za fedha zenye majina ya Kiislamu, za zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Kisiwani Manda, ng'ambo tu ya Mokowe, ilipatikana mwaka 2013 sarafu ya Mchina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1403, nayo ina tundu la mraba katikati. Waliokuwa wakichimba, Chapurukha Kusimba na Sloan Williams, walijua ilitoka sehemu gani. Sarafu za Yongle ziko nyingi duniani na si ghali. Hiyo ya Manda imekuwa habari ya dunia nzima kwa sababu ya mahali ilipolala. Lau kijana angeiokota akaiosha na kuiuza jeti, ingekuwa kipande kimoja zaidi cha shaba ya Kichina.

Sheria nayo imeliona hilo. Kwa sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kitu chochote cha kuhamishika kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa kabla ya 1895, isipokuwa vitabu na hati, huhesabiwa kuwa cha kale, na hakitolewi nchini bila ya kibali. Kwa hiyo pesa ya Mombasa ya 1888 iko chini ya sheria hiyo, na pesa za Barghash pia, hali senti za tundu haziko. Mnunuzi anayekwambia atazitia zote mfukoni na kupanda nazo ndege, ama haijui sheria ama anakutarajia wewe usiijue. Na kwa upande wa dini, hazina iliyozikwa na Waislamu si rikazi ya kutolewa khumsi kisha ukaila. Washafi huihesabu kuwa lukata, yaani okoto, na okoto hutangazwa mwaka mzima. Ofisi ya Makumbusho ya Taifa iko Amu, safari ya mashua moja kutoka jeti. Anayeokota sarafu akichimba msingi aipeleke na udongo wake, na akumbuke ilikuwa kina gani na karibu na nini.